Kabla Hujalipia Ploti, Tafuta Mpaka wa Maji

Ikifika Januari, kaskazi ikishavuma wiki kadhaa na jua likakausha mabonde, ndipo mabango ya ploti za kuuza huchipuka kandokando ya barabara zetu, kuanzia Msambweni hadi Mambrui. Wauzaji wanajua wanachofanya, kwani bonde lililokauka linauzika. Mnunuzi aliyetoka bara, au mwana wa hapa hapa aliye Ughaibuni na kumtuma shemeji amwangalizie, huonyeshwa uwanja ulio sawa, nyasi fupi, bikoni nne zilizopakwa rangi nyeupe, na hatimiliki isiyo na doa. Masika yakianguka Aprili, uwanja ule ule wakaazi wake ni vyura.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujibu swali moja: katika kipande hiki cha ardhi, maji yanaishia wapi? Nisemapo maji sikusudii maji ya leo. Nakusudia maji ya kawaida ya mahali pale, yawepo au yasiwepo siku ile unapotembelea. Leo nataka kueleza mpaka huo unavyotafutwa, kwa sababu ishara zake nyingi mtu yeyote mwenye jembe na subira anaweza kuzisoma mwenyewe kabla hajatoa shilingi.

Kwanza jina. Ardhi ya aina hii kitaalamu huitwa ardhi oevu. Wengi wakisikia hivyo hufikiria ziwa au kinamasi chenye mafunjo. Sheria yetu inatazama mapana zaidi. Kanuni za ardhi oevu zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira zinahesabu eneo lolote linalofunikwa na maji daima au kwa msimu, ambalo mimea na wanyama wake wamezoea hali hiyo. Humo mna vinamasi, kingo za mito, mahali ambapo maji hayapati njia ya kutoka, maji ya chumvi na ya magadi, hata bahari yenyewe pale ambapo maji yakipwa kina hakizidi mita 6. Neno la kushika hapo ni "kwa msimu". Bonde linalolowa wiki kadhaa kila masika, kisha likakauka miezi iliyobaki, laweza kuwa ardhi oevu kamili mbele ya sheria.

Sasa utalijuaje kama hulikuti na maji?

Mtindo ninaoufuata mimi, na ambao wataalamu wengi wanaujua, ulipangwa vizuri katika mwongozo wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani wa mwaka 1987. Unatafuta mashahidi watatu: mimea, udongo na maji yenyewe. Mmoja peke yake aweza kukudanganya. Wakikubaliana wote watatu, maneno yamekwisha.

Kabla ya hao watatu, mimi huanza na shahidi wa nne asiyeandikwa katika mwongozo wowote wa kigeni, yaani jina la mahali. Wazee wetu hawakutaja mahali ovyo. Panapoitwa Ziwani, Bondeni au Kisimani, uliza kwa nini. Mombasa tuna Ziwa la Ng'ombe, ambapo leo ni nyumba kwa nyumba, na jina bado linaeleza mifugo walikuwa wakipelekwa kufanya nini. Jina likitaja mikindu pia uliza, maana mkindu ni mti unaopenda ardhi yenye unyevu. Kinyume chake, panapoitwa Mkoroshoni nakwenda na moyo mwepesi, maana mkorosho hauvumilii mizizi yake kukaa majini. Mabroka wameanza kubadilisha majina haya. Bonde huitwa "Gadeni" au "Vyu" ya kitu fulani, na kumbukumbu ya maji inafutwa pamoja na jina.

Turudi kwa mimea. Tembea ploti nzima na utazame kinachoota chenyewe, si kilichopandwa. Matete, mafunjo na mayungiyungi havihitaji mtaalamu. Nyasi za jamii ya ndago, zile ambazo shina lake ukilipitisha baina ya vidole unahisi pembe tatu, ni ishara nzuri zikiwa zimetawala eneo zima. Hapo lakini kuwa na hadhari, kwa kuwa ndago ya kawaida huota hata katika shamba kavu la mahindi, na kuiona mashina mawili matatu hakuthibitishi lolote. Cha kutazama ni kundi, na hasa mahali kundi linapobadilika. Mara nyingi utaona mstari kabisa: huku mikorosho, miembe na vichaka vya kawaida, hatua chache mbele nyasi zinageuka, zinakuwa za kijani kuliko jirani zake hata katikati ya ukame. Mbuyu mzee au mkorosho wenye afya ni shahidi wa upande mkavu, nao wamekuwepo masika mengi kuliko broka wako.

Mimea ina udhaifu mmoja. Yaweza kufyekwa. Nimeshaona ploti zilizosafishwa kwa tingatinga hadi hapabaki jani, na muuzaji akasema amemrahisishia mnunuzi. Hapo ndipo udongo unapokuwa na faida yake, maana udongo hausahau upesi.

Chukua jembe na mtarimbo, chimba shimo la kina cha dhiraa moja, yaani kiasi cha nusu mita. Kata ukuta mmoja wa shimo uwe wima na safi, kisha utazame rangi kuanzia juu kwenda chini. Udongo unaopumua una rangi ya hudhurungi, wekundu au manjano. Hiyo ni rangi ya chuma kilichomo udongoni kilichopata hewa, sawa na msumari uliopata kutu. Udongo ukijaa maji kwa muda mrefu, hewa hufukuzwa, na vijidudu vinavyoishi humo hulazimika kutumia kile chuma badala ya hewa. Chuma huyeyuka, huondoka na maji, na udongo unabaki na rangi ya kijivu, pengine kijivu cha kukaribia buluu. Maji yakipungua, hewa huingia kwanza kupitia njia za mizizi na nyufa, na chuma kilichobaki hapo hushika kutu upya. Ndiyo maana udongo wa mahali panapolowa na kukauka huwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, mara nyingi madoa yakifuata vijia vya mizizi kama mishipa. Ukiyaona madoa hayo Februari, ujue unatazama picha ya Mei. Rangi hii haipotei kwa kiangazi kimoja. Yaweza kukaa miaka mingi hata baada ya maji kuondolewa.

Tumia pua pia. Bonge la udongo likitoa harufu ya yai viza, huo ni ushahidi mzito kwamba hapo maji yamekaa na hewa haikuingia kwa muda mrefu. Katika tope la mikoko harufu hiyo ni ya kawaida.

Kwetu pwani kuna mtego mmoja. Mchanga mweupe wa karibu na ufuo, na ule unaotokana na mawe ya matumbawe, una chuma kidogo mno, kwa hiyo hauwezi kuonyesha kutu hata ungelowa mwaka mzima. Hapo natafuta mambo mengine: tabaka jeusi la mizizi na majani yaliyooza karibu na juu, au michirizi myeusi inayoshuka ndani ya mchanga. Ikiwa hakuna hayo nami nina shaka, nasubiri masika. Mtu mwenye haraka hapendi kusikia hivyo, ila jibu la kweli wakati mwingine ni kusubiri miezi mitatu.

Kina kina maana yake. Kipimo kinachotumika sana ni maji kufika ndani ya sentimita 30 kutoka juu, sawa na shibiri moja na kitu, kwa siku 14 mfululizo au zaidi katika miaka mingi. Kijivu kikianza ndani ya kina hicho, uko ndani ya eneo la maji. Kikianza chini zaidi, pengine uko ukingoni, na nyumba yaweza kusimama, ila choo cha shimo ni hatari.

Shahidi wa tatu ni maji. Tazama mashina ya miti na kuta za majirani kama zina mstari wa tope. Tazama takataka zilizonasa vichakani katika kimo ambacho upepo haungeziweka. Chungulia visima vya jirani na uulize maji hupanda kiasi gani wakati wa mvua. Halafu tafuta mtu aliyelima pale kabla ya kugawanywa ploti. Usimuulize kama mahali hufurika, maana neno hilo lina aibu yake na huenda muuzaji ni mpwa wake. Mimi huuliza hivi: "Shikamoo babu. Mvua ile ya El Niño ya 1997, na hii ya mwisho wa 2023, mlikuwa mkipita njia gani kwenda msikitini?" Nimewahi kujibiwa, "Mwanangu, mwaka ule njia hii tuliiacha kabisa, tulizunguka kwa juu kule penye mwembe." Jibu la namna hiyo unaweza kulipima kwa futi.

Karibu na bahari na mikono yake, kama vile Tudor, Mtwapa, Kilifi, Mida au Gazi, maji yana kalenda, na hilo ni jambo la kushukuru. Usipelekwe kutazama ploti wakati wa maji mafu. Nenda bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, saa ya maji kujaa. Jedwali za maji kujaa na kupwa huchapishwa na Halmashauri ya Bandari, na mvuvi yeyote anazo kichwani. Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na bamvua kubwa kabisa huja karibu na Machi na Septemba. Uwanda mtupu nyuma ya mikoko, uliokauka, mweupe kwa chumvi, wenye matundu ya kaa, huonekana kama kiwanja cha mpira kilichosahauliwa. Ni mahali ambapo maji ya bamvua hufika na kuondoka. Mchu ndio mti unaostahimili chumvi hiyo kuliko wenzake na mara nyingi huonekana umedumaa pembezoni mwa uwanda. Mizizi yake inayochomoza ardhini kama penseli ikiwa hai, hapo bahari bado inadai.

Mikoko nayo ina mwenyewe. Tangu 1932 imetangazwa kuwa msitu wa serikali, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mtu akikuuzia hapo, anakuuzia kitu kisichoweza kuwa chake.

Ukishawasikiliza mashahidi, mpaka unachorwa kwa miguu. Mwaka juzi niliitwa upande wa Kilifi na familia iliyotaka kununua shamba la ekari mbili lililoteremka bondeni. Tulianza juu penye mkorosho, tukashuka tukichimba shimo kila hatua kumi. Mashimo matatu ya mwanzo udongo ulikuwa mwekundu hadi chini. La nne, kijivu kilionekana karibu na mwisho wa dhiraa. La tano, madoa ya kutu yalianza shibiri moja tu kutoka juu, na nyasi zilikuwa zimekwisha badilika. Mpaka basi ulikuwa baina ya la nne na la tano. Tukachimba mengine katikati yake, tukakita kijiti. Tukahama hatua thelathini kando, tukashuka tena, kijiti cha pili. Mistari mitano, vijiti vitano, na kamba ya kuviunganisha ikafuata umbo la bonde, haikufuata bikoni. Sorovea alipopima, karibu thuluthi moja ya shamba ilikuwa chini ya kamba. Muuzaji alikasirika. Familia ilinunua hata hivyo, kwa bei ya sehemu ya juu.

Hilo silisemi kwa kujisifu. Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Mpaka wa maji ukishajulikana, sheria inaongeza ukanda wake. Kwa mito, kanuni za 2009 ziliweka ukanda wa hifadhi wa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Kwa ufuo wa bahari, kanuni za upimaji ardhi zinataka kwa kawaida ukanda wa mita 60 juu ya alama ya maji kujaa uachwe pale ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe. Sheria zetu hazisemi kwa sauti moja kuhusu vipimo hivi, na mabroka hupenda kunukuu kile kidogo kuliko vyote. Ushauri wangu ni kufanya hesabu kwa kile kikubwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ploti ya hamsini kwa mia, ile ya futi tunayoijua sote, ina upana wa mita 15 na ushei na urefu wa mita 30.48. Kijito kikipita kwenye ubavu wake mfupi, ukanda wa mita 6 unachukua mita za mraba 91 kati ya 464, takriban sehemu moja kwa tano. Ukanda ukiwa wa mita 30, unachobaki nacho ni chini ya nusu mita ya ardhi. Hapo huna hata pa kuegesha boda. Bei kwenye mkataba haitakuambia hilo, wala hatimiliki.

Watu huniambia, "Lakini nina hatimiliki." Hatimiliki inaeleza umiliki na ukubwa, haielezi maji. Na ikiwa ardhi ilikuwa ya umma tangu mwanzo, yaweza kuwa karatasi tupu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya Nyali iliyopakana na ufuo. Suala halikuwa ardhi oevu bali nafasi ya umma. Walichosema majaji kinamgusa kila mnunuzi wa pwani: kama ugavi wa mwanzo ulikiuka taratibu, anayenunua baadaye hapati kinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Wajibu wa kuchimbua historia ya ardhi ni wa mnunuzi.

Kuna wanaoona dawa ni kifusi. Lete lori ishirini, inua kiwanja, kwisha. Sheria ya mazingira, kifungu cha 42, inakataza kujenga, kuchimba, kumwaga vitu au kukausha mto, ziwa, bahari au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya mamlaka ya mazingira, NEMA, baada ya tathmini. Hata ukiiweka sheria kando, maji uliyoyafukuza hayakufa. Yamekwenda kwa jirani aliyejenga miaka ishirini kabla yako na hajawahi kuona maji sebuleni. Bonde lile lilikuwa linayapokea, linayapunguza kasi, na mengine yanazama taratibu kuelekea visima. Kwenye pwani yetu maji baridi ya chini hukaa juu ya maji ya chumvi, na mahali pa kuyajaza pakizibwa huku visima vikiendelea kuvutwa, chumvi hupanda. Mitaa ambayo visima vyake vimegeuka uchungu tunaijua.

Siyo kila mahali mstari wa aina hii unatosha. Delta ya Tana, iliyoorodheshwa mwaka 2012 chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar, ni nchi nzima inayopanda na kushuka na mto. Mpokomo anapanda mpunga mafuriko yakija, Muorma analeta ng'ombe maji yakiondoka, katika ardhi ile ile. Ukikita vijiti pale Februari utakuwa umepima msimu, hujapima ardhi. Kule kipimo sahihi ni ramani ya mafuriko ya miaka mingi pamoja na makubaliano ya wanaoitumia.

Kwa ploti ya kawaida, fuata utaratibu huu. Piga msako kwenye ofisi ya ardhi, na uombe ramani ya eneo ili uone kama kuna hifadhi ya mto au ya ufuo. Kagua mwenyewe kwa jembe. Ukipata ishara, mwite mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa pamoja na sorovea mwenye leseni, na kwa mto omba Mamlaka ya Rasilimali za Maji ioneshe ukanda wake. Mpaka uliopatikana uchorwe na ubandikwe kwenye mkataba wa mauzo, pande zote mbili watie sahihi juu ya mchoro. Muuzaji akikataa shimo la dhiraa moja lisichimbwe kwenye ardhi anayosema ni kavu, umepata jibu bila jasho.

Na aliyekwisha nunua? Sehemu kavu ijengwe, choo kiwekwe mbali na juu, ikibidi tangi la kufungwa badala ya shimo. Sehemu ya maji iachwe ifanye kazi yake, nayo haikosi tija: mpunga wa masika kama wanavyolima mabonde ya Vanga, ukindu wa kusukia mikeka, malisho ya kiangazi. Lakini ukitaka kuchimba mtaro au bwawa la samaki humo, anzia ofisi ya NEMA ya kaunti kabla ya kukodi mashine. Barua ya kuomba idhini haina gharama kubwa. Kuondoa mtaro uliokwisha chimbwa, kwa amri na kwa pesa zako, ndiyo ghali.